Fundi wa Kalfati
Wageni wanaokwenda Matondoni kisiwani Lamu, au Nungwi huko Unguja, kutazama vyombo vikiundwa, hupenda kupiga picha gubeti na nakshi za tezi. Mtia kalfati hapigwi picha. Yuko chini, amechutama mchangani karibu na mkuku, anaziba mianya ya mbao kwa pamba. Kazi yake ikishakwisha hufunikwa, kisha huzama majini isionekane tena. Kwangu mimi, hakuna kazi ya pwani yenye adabu kuipita hii.

Mtazame anavyoifanya. Pamba huisokota ikawa kamba laini, akaitia mafuta na kuilaza juu ya mwanya. Mkono mmoja umeshika chembeu, ile patasi butu, na mwingine nyundo. Hatumii nguvu nyingi. Hugonga mapigo mafupi yanayolingana, akisogea kidogo kidogo. Pamba ikiwa bado legevu, mlio huwa mzito na hafifu. Ikishashiba, chembeu hutoa mlio mkavu, naye husogea mbele. Akipunguza, maji yatapita. Akizidisha, ataziachanisha mbao alizotaka kuzibana. Kipimo chake ni sikio, na sikio hilo halipatikani ila kwa kukaa miaka kando ya aliyekutangulia, ukinyamaza na kusikiliza.

Halafu kuna jambo analolijua vizuri: kazi hii haimaliziki mikononi mwake. Ubao ukikaa juani hunywea, ukirudi majini huvimba na kuibana pamba barabara. Ndiyo maana chombo kikishushwa huweza kuvuja siku za mwanzo. Mabaharia hushika upo wakafua maji ngamani, na fundi hababaiki. Yeye ametimiza sehemu yake, iliyobaki ameiachia bahari.

Wala hajidanganyi kwamba ameziba mara moja na milele. Chombo hurudi pwani tena na tena, kikapandishwa wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Hukwanguliwa, pamba iliyooza ikatolewa na mpya ikatiwa, kisha chini kikapakwa deheni ya chokaa na mafuta ili wadudu wasitoboe mbao. Juu hupakwa sifa, mafuta ya papa ambayo harufu yake hukufikia kabla hujakiona chombo. Bamvua jingine, yapata wiki mbili baadaye, hukipokea tena. Fundi hurudia mianya ile ile bila kuona kwamba amedhalilika.

Nahodha aliye katikati ya mkondo usiku, maji yakigonga mbavuni, roho yake na za abiria wake zimetegemea mtu ambaye pengine hata jina lake hawalijui. Nyumba zetu nazo husimama hivyo hivyo: kwa deni dogo lililolipwa kwa wakati, kwa samahani iliyosemwa kabla kinyongo hakijaota mizizi, kwa mgonjwa aliyejuliwa hali bila kutangaziwa mtaa. Sote tunaijua methali ya ufa na ukuta. Fundi huyu anaiishi. Basi tuwafundishe watoto wetu kuiheshimu kazi isiyoonekana, na sisi wenyewe tuanze na ule ufa tunaoujua nyumbani. Tuuzibe leo, tusingoje wa kutusifu.