Picha kama Masimulizi: Kijana Mkimbizi na Funzo la Kaya Kinondo

Makala haya yanajadili picha zinazopigwa na vijana walioondolewa makwao na vita. Dai letu ni kwamba picha hizo ni matini za kisimulizi, na kwamba kuzisoma kama ushahidi wa mateso tu ni kuzipunja.

Tuanzie Kinondo, pwani ya Kwale. Mapokeo ya Wadigo, kama ya Wamijikenda wengine, husimulia kuwa wahenga wao walikimbia kutoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakajenga kaya misituni. Wanahistoria wamebishana sana juu ya usahihi wa mapokeo hayo. Kwa mhakiki, lililo muhimu zaidi ni jinsi yanavyohifadhiwa. Kaya ilizikiwa fingo, kinga ambayo mahali pake palijulikana na wazee wachache. Hata leo, mgeni aingiaye Kaya Kinondo hujifunga kaniki kiunoni na kufuata njia anayoonyeshwa. Hapa pana kanuni ya usimulizi: mwenye kisa ndiye aamuaye lipi lionekane na lipi lisitirike.

Kanuni hiyo yatufaa tunapotazama mradi ulioanza Rwanda mwaka 2000 katika makao ya watoto ya Imbabazi, yaliyoasisiwa na Rosamond Halsey Carr mwishoni mwa 1994. Mpiga picha Mmarekani, David Jiranek, aliwapa watoto kamera za kutumiwa mara moja ili wapige picha wenyewe. Si wote waliokuwa wakimbizi kwa maana ya kisheria, lakini vita na mauaji ya kimbari vilikuwa vimewatenga na wazazi wao. Mtazamaji atarajiaye makovu hukutana na nyuso za marafiki na shughuli za kila siku.

Je, picha hizo zinaikwepa historia? Hoja hii ina uzito. Kamera zilitoka kwa mgeni. Picha zilionyeshwa na kuuzwa ng'ambo ili kugharimia masomo ya watoto. Hadhira inayonunua huweza kuelekeza jicho la mpigaji bila kutamka neno. Hivyo hatuwezi kudai kuwa kila kisichoonekana kimesitiriwa kwa hiari.

Hata hivyo, kumdai kijana aonyeshe jeraha lake ndipo tumwamini ni kumnyang'anya usimulizi. Kazi ya mhakiki ni kuuliza: nani aliyechagua mipaka ya picha? Nani aliyeteua hii na kuiacha ile? Nani aliyeandika maelezo yaliyo chini yake? Ikiwa ni kijana, ukimya wake ni fingo, nao hulinda kisa kizima. Ikiwa ni mfadhili, basi kijana amegeuzwa mhusika katika kisa cha mwingine, ijapokuwa kidole kilichobonyeza kamera ni chake.