Nakala Bila Mukabala: Uharibifu wa Kimya wa Data na Maandishi ya Pwani ya Cabo Delgado

Mjadala wa kuhifadhi maandishi ya kale ya pwani ya kaskazini mwa Cabo Delgado, yakiwemo yale ya herufi za Kiarabu, umeegemea mno dhana kwamba waraka uliopigwa picha na kuwekwa kwenye seva umekwisha kuokolewa. Dhana hiyo ina sababu zake. Kimbunga Kenneth kilikiharibu vibaya kisiwa cha Ibo mwezi Aprili 2019. Mapigano yaliyoanzia Mocímboa da Praia Oktoba 2017 yalifika Palma Machi 2021. Mahali ambapo karatasi za familia zaweza kutoweka kwa usiku mmoja, nakala ya kidijitali huenda ikabaki shahidi pekee. Ndiyo maana uaminifu wake hauna budi kuthibitishwa.

Diski inayokufa hujulikana, inayopotosha haijulikani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008, uliohusu diski milioni 1.53 kwa miezi 41, ulikuta matukio zaidi ya 400,000 ya data kutolingana na namba zake za uhakiki. Chanzo chaweza kuwa kebo, kumbukumbu ya kompyuta, au diski kuripoti kwamba imeandika ilhali haikuandika. Athari yake si ndogo. Katika usimbaji wa kawaida wa kompyuta, tarakimu 1 na 9 hutofautiana kwa biti moja tu. Barua ya 1891 yaweza kusomeka katika orodha kuwa ya 1899, na faili likafunguka bila tatizo lolote.

Wapo wanaojibu kwamba safu ya diski za RAID inatosha. Jibu hilo linachanganya mambo mawili. Nakala pacha hukinga dhidi ya kifo cha diski. Pacha zikitofautiana, pacha peke yake hazionyeshi ipi ni sahihi. Na kosa lililotokea kabla ya data kufika kwenye safu hunakiliwa kwenye diski zote mbili.

Kinachokosekana ni kile ambacho wanakili wa vitabu vya Kiislamu walikiita mukabala: kuilinganisha nakala na asili yake kabla ya kuitegemea. Namba ya uhakiki, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo katika faili, hufanya kazi hiyo. Iwekwe mbali na data yenyewe, kwani maandishi mapya yasipofika kwenye diski, data ya zamani na namba yake ya zamani hubaki zikikubaliana. Mfumo wa ZFS umejengwa juu ya kanuni hiyo, nao hurekebisha nakala mbovu kwa kutumia nzima. Hata hivyo, faili lisilosomwa halihakikiwi mpaka ukaguzi wa mara kwa mara uamriwe. Wala namba haiwezi kusahihisha picha iliyopigwa vibaya tangu mwanzo.

Kwa hiyo, sera inayopima mafanikio ya mradi kwa idadi ya picha inapima mwanzo wa kazi tu. Bajeti inapaswa kugharimia namba ya uhakiki tangu siku ya kupiga picha, ukaguzi wa kila mwaka, na nakala katika miji tofauti. Bila hayo, waraka ulionusurika kimbunga na vita waweza kupotoshwa ndani ya chumba cha seva, pasipo yeyote kujua.