Konani mwa Pindo

Kwa shangazi yangu huku Kishanda, doti mpya ya kanga haivaliwi siku ya kununuliwa. Kwanza inakatwa katikati, inapindwa kwa mkono, inafuliwa, kisha inaanikwa kwenye kamba kati ya migomba. Kwenye kamba hiyo ndiko nilikojifunza kuitazama kanga. Mwilini inajikunja. Ikianikwa, unaiona nzima kama mchoraji alivyoiona mezani pake: pindo pande zote nne, mji katikati, jina, yaani maneno yake, chini ya mji.

Tazama kona. Pindo moja linakwenda mlalo, jingine linashuka, na yanapokutana mchoraji mvivu huikata tu nakshi ya korosho nusu. Aliye mahiri amekwisha kuhesabu tangu mwanzo: korosho ya mwisho inageuza shingo taratibu, na mstari mweusi unapita bila kukatika. Rangi nazo ni chache, kwa kuwa kila rangi inadai chapa yake. Basi hutia nukta nyeupe, ndogo na za karibu, juu ya nyekundu. Ukisimama mbali unaona rangi ya tatu ambayo kiwandani haikuwekwa.

Halafu jina. Asomaye mara nyingi ni mtu anayetembea nyuma ya mvaaji, nguo ikiyumba, kwa hiyo herufi ni kubwa, zimesimama wima, hazina madoido. Kanga za zamani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kisutu cha bibi harusi, chekundu, cheusi na cheupe, kwa desturi hakina jina kabisa. Mchoro peke yake unatosha.

Mwaka 2013 British Museum ya London ilifanya maonyesho ya nguo za Afrika, na kanga zetu zikawamo. Nalifurahia jambo hilo kwa moyo wote. Nguo ya kubebea mtoto na ya kwendea msibani iliwekwa ukutani ili watu wasimame waitazame, na ilistahili. Ila kanga nyingi hubeba pembeni alama ya mfanyabiashara, kama ile ya Mali ya Abdulla, duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza Mombasa mwaka 1887. Aliyeigeuza korosho shingo hatajwi. Hata zile zilizochapwa Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, zilichorwa na mkono wa mtu fulani, na watu hao wanazeeka. Makumbusho zetu, ya Bukoba ikiwemo, ziwatafute wangali hai, ziandike majina yao kando ya kazi zao.

Shangazi akifika dukani Muleba humwomba muuzaji aikunjue doti yote. Hupitisha kidole juu ya pindo, polepole, mpaka konani. Hapo husimama kidogo. Kisha husoma jina, na bei huuliza mwisho.