Taco Tamu, Tortila Bila Chokaa

Mgahawa wa Kimeksiko ninaouzungumzia leo uko hapa hapa Dar es Salaam. Sitautaja jina. Nimekula pale mara tatu, na maoni yangu kwa kifupi ni haya: salsa nzuri, parachichi zuri zaidi, ila tortila, yaani kile kichapati kinachobeba kila kitu, bado. Na kwa kuwa menyu yao inajisifu kwa mapishi ya asili na inasema tortila ni za mahindi, acha tuwapime kwa kipimo walichokichagua wenyewe. (Halafu wadau, naandika taco kwa c. Kwa k mnajua wenyewe inakuwa nini.)

Tuanze na mazuri. Nyanya za salsa wanazichoma motoni mpaka ngozi inababuka, ndipo wanazisaga na kitunguu, dhania, ndimu na pilipili mbuzi. Moto unapunguza maji ya nyanya na kuleta harufu ambayo nyanya mbichi haina. Pilipili yao si ya mchezo. Ukizidiwa, usikimbilie maji: kapsaisini, ile kemikali inayowasha, haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo unaisambaza tu mdomoni. Maziwa yana protini iitwayo kasini ambayo huishika na kuiondoa kwenye ulimi. Ile krimu chachu wanayoleta pembeni si pambo, itumie.

Guakamole nayo iko vizuri. Parachichi likikatwa huanza kuwa jeusi kwa sababu kimeng'enya kilichomo ndani yake kinakutana na oksijeni ya hewani. Ndimu inaongeza asidi, na kimeng'enya hicho kinapunguza kasi. Hawa wanaponda parachichi mteja akishaagiza, kwa hiyo linafika mezani likiwa kijani kabisa. Hapo sina neno.

Sasa tortila. Mara ya kwanza ilipasuka kabla sijafika nusu, nyama yote ikamwagikia sahani. Mara ya pili ilikunjika vizuri, ila ladha yake ilikuwa ya chapati. Mara ya tatu nikamuuliza mhudumu. Akaenda jikoni, akarudi na jibu la kiungwana: "Ni sembe, dada, na ngano kidogo ili isikatike."

Tatizo la mpishi ni la kweli. Mahindi hayana gluteni, ile protini ya ngano inayofanya donge la chapati livutike. Ukikanda sembe na maji ukaibana iwe nyembamba, inabomoka. Lakini watu wa Meksiko walilitatua jambo hili zamani sana, kabla ngano haijafika kwao. Wanachemsha punje nzima kwenye maji yenye chokaa, kama gramu 10 kwa kilo moja ya mahindi, wanaziacha zilowe usiku kucha, wanaziosha, kisha wanazisaga zikiwa bado na unyevu. Mahindi yaliyopikwa hivyo huitwa nikstamali. Chokaa hulegeza ganda la punje na kuyeyusha sehemu ya nyuzi zake, zinakuwa kama gundi. Wanga nao unaiva nusu. Ukikanda hapo, donge linashikana lenyewe, na tortila inapata ile harufu ambayo sembe haiwezi kuitoa hata uifanyeje.

Tuwe wa haki: tortila ya ngano si feki. Kaskazini mwa Meksiko, kwa mfano Sonora, ndiyo wanayojivunia. Wangeandika "ngano" kwenye menyu, ningekula nikaondoka. Shida ni kuandika mahindi halafu kuchanganya ngano kimya kimya. Mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye gluteni inaharibu utumbo wake, ataagiza taco ya mahindi akiamini yuko salama. Kwake hiyo "ngano kidogo" si suala la ladha.

Kuna jambo la pili, kubwa kuliko mgahawa mmoja. Mahindi yalianza kulimwa kusini mwa Meksiko takriban miaka 9,000 iliyopita. Baada ya 1492 mbegu zilisafiri dunia nzima, ila ujuzi wa chokaa ulibaki nyuma. Niasini, yaani vitamini B3, iliyomo kwenye mahindi imefungwa kwa namna ambayo mwili unashindwa kuitumia vizuri, chokaa huifungua. Watu waliokula mahindi matupu bila ujuzi huo walipata pelagra: ngozi kubabuka, kuharisha, kuchanganyikiwa, na mwisho kifo. Iliwapiga wakulima wa Hispania na Italia, kisha maskini wa kusini mwa Marekani. Ni huko Marekani ambako Joseph Goldberger alionyesha kwamba chanzo ni lishe, si vijidudu. Hata majirani zetu wameiona: mwaka 1990 maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua, baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao.

Wewe mla taco wa mara moja kwa mwezi hutapata pelagra, tulia. Ugali wako una maharage, dagaa au nyama, na hivyo vinakulinda. Lakini mgahawa unaouza "asili" ya Meksiko ukaacha chokaa, umeacha ndani ya mapishi hayo kile kitu ambacho sisi wala mahindi tulihitaji zaidi kukijua.

Mtasema unga wa nikstamali lazima uagizwe nje na ni ghali. Sawa, lakini si lazima kuuagiza. Mahindi meupe ya sokoni yanafaa, kinachotakiwa zaidi ni hidroksidi ya kalsiamu ya daraja la chakula, sufuria, na usiku mmoja wa subira. Tafadhali isiwe chokaa ya kupaka ukutani. Wala kanuni yenyewe si ngeni jikoni kwetu: bibi anayetia magadi kwenye makande anatumia alkali kulainisha maganda, ingawa magadi hayaleti kalsiamu kama chokaa.

Kwa hiyo ushauri wangu: nenda, agiza guakamole na salsa, na ule bila wasiwasi kama ngano haikudhuru. Kama inakudhuru, muulize mhudumu kabla ya kuagiza, usiiamini menyu. Na jikoni, wakati mnajaribu chokaa, badilisheni neno moja tu kwenye menyu: andikeni "mahindi na ngano". Hilo linaweza kufanyika leo.