Vitufe 'maalumu vya kazi': Istilahi isiyomfaa fundi wala mwanafunzi

KATIKA vitini kadhaa vya mafunzo ya kompyuta nilivyowahi kuvisoma, safu ya juu ya kibodi, yaani F1 hadi F12, huitwa “vitufe vya kazi”. Vile vinavyopandisha mwangaza wa skrini au kuzima sauti ya kipakatalishi huitwa “vitufe maalumu vya kazi”. Nina shaka na istilahi hizi. Je, kwenye kibodi kuna kitufe kisicho na kazi? Na huo umaalumu ni wa nini, tena kwa nani?

Ni wazi kwamba aliyeunda istilahi hii alitazama neno la Kiingereza lililochapishwa kwenye orodha yake, akalitafutia mwenzake katika Kiswahili, akaridhika. Hakuitazama mashine. Zao lake ni istilahi iliyo sahihi kisarufi lakini isiyomwambia msomaji lolote kuhusu kinachotokea anapobonyeza.

Udhaifu huu huonekana wazi pale kibodi ya kipakatalishi inapoharibika. Huku Meru na Embu wanafunzi wengi hununua vipakatalishi vilivyokwisha kutumika, na wapo wanaowekewa Linux kwa sababu ni ya bure na haiilemei mashine kuukuu. Chai ikimwagika juu ya vitufe, suluhisho la bei nafuu ni kununua kibodi ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya wa USB. Herufi zinaandikika vizuri. Ila mwenye mashine akitaka kupunguza mwangaza usiku, anagundua kwamba kile kitufe hakipo tena.

Niliyasikia mazungumzo ya aina hii kwenye kibanda cha fundi mmoja pale Makutano, Meru mjini. Mwanafunzi alisema, “Fundi, hii kibodi mpya haina zile vitufe maalumu.” Fundi akamjibu bila kuinua kichwa: “Maalumu gani? Unataka ya mwangaza ama ya sauti?”

Mhariri angeipiga msasa sentensi ya mwanafunzi kwa upatanisho wa kisarufi. Mimi namvutia fundi upande wangu. Swali lake lina istilahi bora kuliko ile ya vitini, kwa sababu “ya mwangaza” na “ya sauti” zinataja tendo. Na jambo la kufurahisha ni kwamba Linux nayo huyapanga mambo vivyo hivyo.

Tueleze kidogo. Katika vipakatalishi vingi, kitufe cha Fn hakiifikii Linux kabisa. Kinapokelewa na chipu ndogo iliyo ndani ya mashine, yenye programu yake iliyowekwa kiwandani. Ukishika Fn pamoja na kitufe chenye alama ya jua, chipu hiyo ndiyo inayoamua maana ya mchanganyiko huo, kisha inatuma ishara moja tu. Kiini cha Linux huipokea ishara hiyo kama msimbo wenye jina la tendo: kupunguza mwangaza ni 224, kuongeza ni 225, kuzima sauti ni 113, kuipunguza ni 114, kuiongeza ni 115. Hakuna msimbo unaoitwa “maalumu”.

Ndiyo maana kibodi ya nje hushindwa. Haina njia ya kuzungumza na ile chipu. Hata ikiwa na kitufe chake kilichoandikwa Fn, hicho ni cha kibodi yenyewe na hakina undugu na Fn ya kipakatalishi. Lakini tendo la kupunguza mwangaza halikuharibika pamoja na kitufe. Mtu anaweza kufungua mipangilio ya mikato ya kibodi na kukipa kitufe kingine kazi hiyo, mathalani kile cha Pause ambacho wengi hawakigusi mwaka mzima. Kama mipangilio haina tendo la mwangaza, mkato huohuo unaweza kuelekezwa kwa programu ndogo ya brightnessctl. Yapo matendo machache yanayoishia ndani ya chipu bila Linux kujua, na hayo hayafikiki kwa njia hii. Mengi yanafikika.

Sasa turudi kwenye lugha. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba mwangaza ni “kitufe maalumu” ataamini kwamba kitufe kikienda, uwezo nao umeenda. Aliyefundishwa kutenganisha vitu vitatu, yaani kitufe anachokibonyeza, msimbo unaotumwa na tendo linalofuata, atajua pa kuanzia. Istilahi mbovu inaweza kumgharimu mtu mashine nzima.

Wapo watakaosema Kiswahili bado ni kichanga katika uwanja huu, kwa hivyo tuvumiliane. Sikubaliani nao. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Zaidi ya miaka 20 baadaye, uchanga si kisingizio. Neno lenyewe kipakatalishi linathibitisha kwamba tunaweza: limejengwa juu ya kitenzi pakata, jinsi mzazi anavyompakata mtoto, na kila mtu huelewa mashine hiyo hukaa wapi. Aliyeliunda alitazama kitu, si orodha.

Kuna jambo jingine linalotugusa zaidi watu wa eneo hili. Kimeru na Kiembu zina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa ĩ na ũ. Nimewasikia walimu wakisema huziandika bila alama “kwa sababu hazipo kwa kibodi”. Hilo ni kosa lilelile la kudhani kwamba kisicho na kitufe hakipo. Herufi ũ ina nafasi yake katika Unicode, U+0169, na ĩ ni U+0129. Katika Linux, ukishateua kitufe cha Compose kwenye mipangilio, unakibonyeza, kisha alama ya ~, kisha u, na ũ inatokea. Isitoshe, kwenye orodha ya mipangilio ya kibodi chini ya Kenya upo wa Kiswahili na upo wa Kikuyu. Kimeru na Kiembu havimo. Hilo ndilo pengo la kulalamikia, na linaweza kuzibwa na vijana wetu wenyewe, maana Linux iko wazi kwa yeyote kuichangia.

Pendekezo langu ni hili. F1 hadi F12 tuviite vitufe vya F, Fn ibaki Fn, na vingine vyote viitwe kwa matendo yao: kitufe cha mwangaza, cha sauti, cha kipazasauti. “Maalumu” tuifute. Na kabla kitini kingine hakijapelekwa kwa mpiga chapa, mwandishi wake apite kwanza kwenye kibanda cha fundi, asikilize vitu vinavyoitwa na wanaovishika kila siku.