Mkono wa Mtunga Shanga

Mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu na mmoja wa waanzilishi wa nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alizoea kuwaonya wanafunzi kwamba kuiga ni kumlaza Mungu usingizi. Mimi humwelewa hivi: umeumbwa peke yako, sasa mbona mkono wako utoe kazi ya mwenzio?

Ni onyo zito, na linapofika Loliondo, kwa akina mama wa Kimasai wanaotunga shanga, laonekana kama limewakusudia wao. Rangi walizikuta: nyekundu ya damu na ushujaa, nyeupe ya maziwa, buluu ya mbingu, kijani cha malisho. Mpangilio nao una kazi yake, kumtambulisha mvaaji, rika lake, kama ameolewa au bado. Mgeni akiona hayo husema basi, hawa wanaigana tu.

Asogee karibu. Shanga zimemwagwa juu ya kitambaa, waya mwembamba unazipitia moja moja, mzunguko baada ya mzunguko, na vipande vya ngozi vilivyotobolewa (siku hizi hata vya dumu la plastiki) vinaishikilia mizunguko isiachane. Nyekundu ikishakwenda mbali, sharti ikatwe. Lakini ikatwe wapi? Kwa nyeusi au nyeupe? Shanga mbili au tano? Mama anatulia, anakisogeza kidani mbali na macho, anavua tatu, anatunga upya. Hapo hakuna bibi wa kumwamulia. Nafsi yake iko papo hapo, kwenye hizo shanga tatu alizozikataa.

Na wanaodai mila haibadiliki, shanga zenyewe zinawasuta. Hizi za kioo zililetwa na biashara ya misafara kutoka pwani, nyingi zikiwa zimetengenezwa Venice na Bohemia, na kila rika jipya la morani huja na mtindo wake.

Njau mwenyewe, alipochora kuta za kanisa la Murang'a miaka ya 1950, hakubuni kisa. Alichukua habari za Yesu, ambazo kila muumini alizijua, akampa Yesu sura ya Mwafrika na kumweka katika mazingira ya pale. Kwa hiyo sidhani ugomvi wake ulikuwa na urithi. Ulikuwa na mkono uliolala, na mkono wa mtunga shanga haulali.

Kinachoniudhi kiko dukani. Picha ya Tingatinga huuzwa na sahihi ya mchoraji pembeni, na mtindo wenyewe unaitwa kwa jina la mwanzilishi wake, Edward Saidi Tingatinga. Kidani kilichokula siku kadhaa za mtu kinaning'inizwa ukutani kwa jina la kabila zima, kana kwamba Wamasai wote walikaa chini wakakitunga.

Basi msomaji, ukipita Wasso au Karatu ukapenda kidani, uliza jina la mama aliyekitunga kabla hujauliza bei.