Vali Inayonyamaza Ndiyo ya Kuogopwa

Wengi wanaotunza Volkswagen Beetle huogopa kelele. Injini ikianza kugonga tik-tik nyuma ya kiti, wanakimbilia kwa fundi, ikitulia, wanashukuru. Kwa upande wa vali, hofu hiyo imekaa kinyume. Vali inayogonga ina nafasi iliyozidi kati yake na roka inayoisukuma: inapunguza nguvu kidogo na kuchakaza roka, lakini inafunga. Inayoua injini ni ile iliyonyamaza kwa sababu nafasi yake imekwisha. Ndiyo maana kurekebisha tapeti, yaani nafasi hiyo, ni kazi inayomfaa mtu wa umri wangu, ambaye sikio lake halinasi tena sauti nyembamba. Hapa kinachoaminiwa ni geji.

Tuchukue injini ya 1500, iliyoingia kwenye Beetle mwaka 1966. Haina maji, inapozwa kwa upepo wa feni. Udhaifu wake uko silinda namba 3, kushoto upande wa mbele. Kipoza oili kimesimama katikati ya njia ya upepo, kwa hiyo silinda hiyo hupata hewa kidogo, tena iliyokwisha kupata joto. Vali yake ya kutolea moshi huteseka kuliko zote. Polepole shina lake hurefuka na kikalio chake huliwa, na yote mawili huisogeza vali kuelekea kwenye roka. Nafasi ikifika sifuri, vali haikai sawasawa kwenye kikalio, na hapo ndipo ilipokuwa ikitolea joto lake. Huungua ukingoni, au kichwa chake hukatika na kutoboa pistoni. Injini za miaka ya 1970 zilikuja na kipoza kilichohamishwa na kupewa njia yake ya hewa.

Gari hulala usiku kucha kwanza, maana nafasi hupimwa injini ikiwa baridi kabisa. Gia iko fri. Natoa plagi zote nne. Mgandamizo ukiisha, puli inazunguka kwa spana ya 21 kwenye nati ya dinamo bila kuumiza bega. Magurudumu ya nyuma nayavua, gari likiwa juu ya stendi na si jeki peke yake, nikae kwenye kigoda pembeni badala ya kulala chini ya bampa. Muda unaongezeka, lakini mgongo ndio unaoamua kama kazi itamalizika.

Alama ya puli ikilingana na mshono wa kasha la injini, na rota ya distribyuta ikielekea alama ya ukingoni, silinda namba 1 iko juu na vali zake mbili zimefunga. Kisha puli inarudishwa nusu mzunguko kila mara, kinyume cha saa. Mfuatano wa moto ni 1-4-3-2, kwa hiyo ukirudi nyuma unapata 2, 3, 4 kwa mpangilio.

Kipimo ni milimita 0.15. Kibamba cha geji kipite kwa kukwaruza kidogo tu. Nati ikikazwa huigeuza skrubu, hivyo kipimo cha kweli ni cha baada ya kukaza. Ncha ya skrubu naikagua kwa tochi na miwani: ikiwa imelika, kibamba hupita juu ya shimo na kutoa jibu la uongo.

Lakini hatua kubwa kuliko zote hutangulia bisibisi. Nafasi niliyoikuta naiandika kwenye daftari kabla ya kugusa chochote. Vali ya moshi ya namba 3 ikikutwa imebana, ikarekebishwa, kisha ikabana tena baada ya kilomita chache, hiyo si ya kurekebishwa tena. Silinda hedi lazima ishuke, na injini itoke kwanza. Injini hiyo ina uzito unaozidi kilo 100, ingawa boliti zinazoiunganisha na gia boksi ni nne tu. Hapo waite vijana na jeki ya magurudumu.

Kama una Beetle ya 1500 na unapanga safari ya mbali, pima vali hiyo moja kabla ya kuondoka, hata kama injini inanguruma vizuri. Hasa kama inanguruma vizuri.